Bega, shingo au kiwiko kinauma: uende kwa masaji, kwa fizio, ukae na barafu na dawa, au uchomwe sindano?

Swali hili naulizwa karibu kila wiki, na mara nyingi linakuja kwa meseji fupi usiku baada ya mechi: "Dada, bega linanisumbua, nije unichue?" Mi nachua wachezaji wa voliboli na waogeleaji, mwaka wa tisa huu, kwa hiyo mtu angetegemea niseme njoo tu. Lakini sisemi hivyo kabla sijauliza maswali mawili: limeanza kuuma lini, na likianza ilikuwaje, ghafla au taratibu. Majibu ya hayo mawili ndo yanaamua kama masaji itakusaidia, itakupotezea muda au itakuumiza zaidi, na watu wengi wanachagua tiba kwa kuangalia nani yuko karibu au rafiki yake alipona kwa tiba gani, wakati rafiki alikuwa na tatizo jingine kabisa japo na yeye alikuwa anashika bega hilohilo.

Nalinganisha njia nne ambazo watu wanazitumia sana kwa majeraha ya sehemu ya juu ya mwili, yaani shingo, bega, kifua, mkono wa juu na kiwiko. Kwanza masaji ya michezo. Pili mazoezi ya fizio, yaani yale unayopangiwa na mtaalamu wa tiba ya viungo. Tatu kupumzisha na barafu na vidonge vya maumivu. Nne sindano ya steroidi, yaani dawa ya kushusha uvimbe inayochomwa palepale panapouma.

Tuanze na masaji kwa sababu ndo ninayoifanya na ndo inayosifiwa kwa mambo isiyoyafanya. Mikono ikikandamiza msuli, neva za ngozi na za msuli zinapeleka taarifa kwenye uti wa mgongo na ubongo, na ubongo unashusha ukali wa maumivu na kuuachia msuli uliokuwa umejikaza kujilinda. Ndo maana unaamka mezani unaona mkono unapanda juu kuliko ulivyoingia. Hiyo ni kweli kabisa na sio ndogo. Ila inadumu saa kadhaa, kwa wengine siku moja au mbili, afu inaanza kurudi. Masaji haiungi msuli uliochanika, hairudishi nguvu, na haitoi "asidi ya laktiki" mwilini kama tunavyopenda kusema. Laktiki ile inaondoka yenyewe ndani ya kama saa moja ukishamaliza zoezi, na maumivu ya kesho yake yanatokana na michubuko midogo kwenye nyuzi za msuli ambayo inafika kilele kati ya saa 24 na 72. Kuna utafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, wa 2012, walichukua vijana 11 wakawachosha miguu kwa baiskeli, wakachua mguu mmoja dakika 10 na mwingine wakauacha, halafu wakakata vipande vidogo sana vya msuli wakapima. Kwenye mguu uliochuliwa dalili za kuvimba kwa ndani zilipungua, laktiki haikuwa na tofauti yoyote. Watu 11 ni wachache na huo ni mguu sio bega, lakini toka niliposoma ule utafiti sijawahi tena kumwambia mtu kwamba namtolea sumu.

Mazoezi ya fizio ni kinyume chake. Wiki ya kwanza unaweza usione chochote, na wengine wanaacha hapohapo. Kazi yake ni kuupa msuli na kano mzigo mdogo unaoongezwa polepole mpaka vizoee na kujijenga. Kano, zile kamba ngumu zinazoshika msuli kwenye mfupa, zinapona taratibu kwa sababu damu yake ni kidogo kuliko ya msuli, kwa hiyo hesabu wiki 6 mpaka 12 na sio siku 6. Faida ni kwamba kilichopatikana kinabaki. Ubaya ni kwamba kazi unaifanya wewe mwenyewe, na siku unayoiruka hakuna wa kukufanyia.

Barafu na kupumzika ilikuwa amri tangu 1978 pale daktari mmoja wa Marekani, Gabe Mirkin, alipoandika ule mpango wa kupumzisha, kuweka barafu, kufunga bandeji na kuinua juu. Miaka mingi baadaye mwenyewe akakiri kwamba barafu inaweza kuchelewesha kupona, kwa sababu ule uvimbe wa mwanzo ni sehemu ya mwili kujitengeneza. Mi naichukulia barafu kama ganzi ya bure: dakika 10 mpaka 15, ikiwa kwenye kitambaa, siku moja au mbili za mwanzo, ili mtu alale. Kupumzika nako kuna kipimo chake, siku mbili tatu sawa, wiki tatu mkono umening'inia kwenye kitambaa bila daktari kusema, bega linakakamaa na msuli unayeyuka. Na vidonge kama ibuprofeni na diklofenaki vinapunguza maumivu lakini vinakera tumbo na vinabana figo hasa ukiwa umeishiwa maji, kwa hiyo ile tabia ya kumeza kabla ya mechi ili usisikie bega, acha. Unaficha kengele wakati moto unawaka.

Sindano ya steroidi inaleta nafuu kubwa haraka kuliko mazoezi, na hapo ndo mtego wake, nitaurudia kwenye kiwiko.

Sasa tushuke kwenye jeraha moja moja maana jibu linabadilika.

Msuli uliokaza tu, bila kuanguka, bila mlio, bila uvimbe. Hapa masaji inashinda na wala sioni haja ya kuzungukazunguka. Mshambuliaji wa voliboli amepiga mipira mia moja na kitu mazoezini, muogeleaji ameongeza mita, mtu wa jimu amerudi baada ya mwezi, kesho yake shingo haigeuki na mabega yamepanda masikioni. Akilala kifudifudi naanza na kiganja kizima, taratibu, kutoka kisogoni mpaka ncha ya bega, mara sita saba hivi mpaka ngozi ipate joto. Ndipo vidole vinashuka kutafuta. Pale kwenye kona ya juu ya kombe la bega, upande wa ndani, kuna msuli mwembamba unaopanda kwenda shingoni, na kwa watu hawa karibu kila mara utakuta kifundo kigumu kama punje ya mchele chini ya ngozi ambacho ukikigusa mtu anavuta pumzi. Sikisagi. Nakiwekea dole gumba, naongeza uzito polepole, namwuliza kati ya 0 na 10 maumivu yako wapi, tunasimama kwenye 5 au 6, halafu nasubiri tu. Baada ya sekunde 30 mpaka dakika moja anasema yameshuka 3 na mi sijapunguza uzito hata kidogo. Hapo nahama. Akifika 8 anakaza mwili mzima na kazi yote inaharibika, kwa hiyo wale wanaosema masaji isipouma haijafanya kazi, samahani, sikubaliani nao kabisa, na mtu anayetoka mezani na alama za bluu mabegani amepata jeraha jipya juu ya la zamani.

Kwa hali hii barafu haina maana sana, kidonge hakina maana, sindano usiifikirie. Mazoezi mepesi yanasaidia karibu sawa na masaji, kutembea, kuzungusha mabega, kuogelea polepole. Kama huna mchuaji, mpira wa tenisi kati ya mgongo na ukuta unafanya nusu ya kazi, unajisogeza mpaka uipate sehemu inayouma, unaegemea, unapumua.

Msuli uliochanika. Hapa kila kitu kinategemea ni siku ya ngapi. Kwa mikono ya juu ninachokutana nacho zaidi ni kifua kwa watu wanaosukuma chuma wakiwa wamelala kwenye benchi, na msuli wa mbele wa mkono wa juu. Mtu anasikia kama kitu kimekatika, afu kesho yake ngozi inavilia damu kuelekea kwapani au kiwikoni. Kwa saa 72 za mwanzo mahali palipochanika hapachuliwi. Hata kidogo. Mishipa midogo ya damu imepasuka na ndo kwanza inajifunga, ukikanda unaifungua. Unaweza kuchua shingo na bega la upande wa pili ili mtu apumzike, basi. Kuanzia siku ya nne au ya tano, kama uvimbe unashuka, unaanza kwa kupapasa tu kuelekea kwapani, na kukandamiza kwa kina ni mpaka wiki ya pili au ya tatu, sambamba na mazoezi, sio badala yake.

Na kama msuli wa mbele wa mkono umejikunja ukawa donge kama yai huku sehemu ya chini imebonyea, au kifua kimepoteza ile kona yake ya mbele ya kwapa, hiyo ni kano imekatika yote. Usije kwangu. Nenda kwa daktari wa mifupa wiki hiyohiyo, kwa sababu kama itahitaji kushonwa, wiki mbili za mwanzo ndo nzuri, baada ya hapo msuli umeshajivuta na kujishika pengine.

Hili la kuchua mapema nalishikilia sana kwa sababu ya kijana mmoja wa mpira wa mikono aliyeletwa kwangu miaka yangu ya mwanzo. Alipigwa goti kwenye mkono wa juu, pakavimba, na siku ya pili kuna mtu akamkanda kwa nguvu zote na mafuta ya moto "ili damu isigande". Akarudia siku ya tatu na ya nne. Alipofika kwangu ilikuwa kama wiki ya tano, kiwiko kinakataa kunyooka, na katikati ya msuli pana kitu kigumu, sio kigumu kama fundo, kigumu kama mfupa. Nilikishika na vidole vyangu vikakataa kukikanda. Nikampeleka akapigwe eksirei na ikaonesha mfupa kweli umeanza kuota ndani ya msuli. Mwili ukiwa na damu nyingi iliyovilia ndani ya msuli afu unachokozwa kila siku, unaweza kufanya hivyo, na mkono wa juu na paja ndo sehemu zinazoongoza. Alikaa nje miezi mingi.

Bega linalouma ukiinua mkono. Hii ndo kesi kubwa kwa watu wa kurusha, kupiga na kuogelea, na hapa naomba usome polepole. Bega linashikwa na misuli minne midogo inayozunguka kichwa cha mfupa wa mkono ili kisiteleze wakati misuli mikubwa inavuta. Ikichoka au kano zake zikizidiwa, unasikia maumivu upande wa nje wa bega, ukilalia upande huo usiku unaamka, na ukiinua mkono kwa pembeni linauma katikati ya safari, kama kuanzia nyuzi 60 mpaka 120, afu juu kabisa panapoa. Jaribu mbele ya kioo uone.

Hapa mazoezi yanashinda, masaji ni msaidizi. Nimeona wachezaji wanakuja kuchuliwa bega kila Jumatatu msimu mzima, wanatoka wamefurahi, Jumatano linauma tena, na mwaka unaisha bega ni lilelile. Ninachokifanya sasa ni dakika 15 nyuma ya kombe la bega, kifuani chini ya mtulinga na ubavuni karibu na kwapa, kisha kabla hajavaa shati tunafanya mazoezi palepale wakati maumivu yameshuka. La kwanza, kiwiko kimekunjwa nyuzi 90, kimebanwa ubavuni na taulo lililokunjwa katikati, mgongo wa kiganja umegusa ukuta, anasukuma ukuta bila mkono kusogea, sekunde 30 hadi 45, mara 5. Baada ya wiki moja au mbili tunaleta utepe wa mpira wa kuvuta na kuzungusha mkono kwenda nje, polepole, kurudi polepole zaidi, mara 10 hadi 15. Halafu kuvuta kama unapiga kasia ili kombe la bega lijifunze kutulia. Maumivu ya 3 au 4 wakati wa zoezi ni sawa, mradi kesho yake asubuhi yasiwe yamepanda.

Wanaowaza operesheni moja kwa moja, kuna utafiti wa Uingereza uliotoka 2018 ulilinganisha ile operesheni ya kukwangua mfupa juu ya kano za bega na operesheni ya kuigiza tu, yaani mtu anafunguliwa anachunguzwa anafungwa bila kukwanguliwa. Matokeo hayakuwa na tofauti ya maana. Huo haukuhusu kano iliyokatika kwa ajali, hiyo ni habari nyingine: ukianguka afu mkono hauinuki kabisa, kila ukijaribu unadondoka, fanya kipimo cha picha, ultrasaundi au MRI, mapema.

Kiwiko upande wa nje, kinachoitwa kiwiko cha tenisi japo wengi wao hawajawahi kushika raketi. Hiki nimekipata mwenyewe, kwa kazi hii ya kukandamiza na dole gumba kutwa. Asubuhi nilikuwa nashindwa kufungua kifuniko cha chupa, na kuinua birika kwa mkono wa kulia ilikuwa kama mtu ananichoma sindano kwenye kile kifupa cha nje. Nilijichua kigasha kila jioni, nikapata nafuu ya kulala, asubuhi yaleyale. Kuna mtindo wa kusugua kwa kukatiza, kidole kinapita juu ya kano kwa kuikata njia badala ya kuifuata, ambao daktari Mwingereza James Cyriax aliueneza karne iliyopita. Nimeufanya na nimefanyiwa, unapunguza maumivu kwa dakika kadhaa, lakini tafiti zilizopo ni chache na dhaifu, hazitoshi kusema unaponya.

Kilichoniponya mimi ni dambeli ya kilo moja. Kigasha juu ya meza, kiganja kinaangalia chini, mkono wa pili unasaidia kuinua, halafu mkono mgonjwa unashusha peke yake kwa sekunde 4. Mara 15, seti tatu, siku moja ndiyo moja hapana. Wiki mbili za kwanza nilichukia. Wiki ya saba nikajikuta nimebeba ndoo bila kufikiria.

Sindano sasa. Kwenye kiwiko hiki inavutia kwa sababu ndani ya wiki chache unajiona umepona. Lakini watafiti wa Australia walifuata watu 165 kwa mwaka mzima, matokeo yakatoka 2013, na kati ya waliochomwa steroidi tatizo lilirudi kwa asilimia 54, wakati kwa waliochomwa maji yasiyo na dawa lilirudi kwa asilimia 12. Tofauti hiyo ni kubwa mno kuipuuza. Kiwiko cha tenisi kwa watu wengi kinapona ndani ya mwaka hata bila tiba kubwa, kwa hiyo kulipia nafuu ya wiki sita kwa kujiongezea nafasi ya kurudiwa, mi kwa upande wangu hapana. Kama kuna siku lazima ufanye kazi muhimu na huna namna, ongea na daktari, ila ujue unachonunua.

Lakini sisemi sindano ni mbaya kila mahali. Bega lililoganda, lile ambalo linaanza kuuma bila sababu, mara nyingi umri wa miaka 40 hadi 60, na hasa kwa wenye kisukari, afu linakaza mpaka hata mtu mwingine akikuinulia mkono haupandi, hilo kipindi cha mwanzo cha maumivu makali sindano ndani ya kiungo inaweza kusaidia kuliko mikono yangu. Masaji ya nguvu kwenye hatua hiyo inalichokoza. Unachua shingo na mgongo ili mtu apumue, unampa mazoezi mepesi ya kuning'iniza mkono na kuuzungusha kama timazi, na unamwambia ukweli kwamba linaweza kuchukua mwaka mmoja hadi mitatu.

Bega lililochomoka: hakuna ulinganisho. Mtu yeyote asilirudishe palepale uwanjani, hata kama ameshawahi kuona likirudishwa, kwa sababu kuna neva na mishipa inapita palepale chini ya kwapa na wakati mwingine mfupa umevunjika pia. Funga mkono ulivyo, nenda hospitali. Masaji inakuja wiki kadhaa baadaye kwa misuli iliyokaza shingoni, na nguvu ya kulishikilia inatoka kwenye mazoezi. Vijana wa chini ya miaka 20 ndo wanaongoza kwa bega kutoka tena, wasiharakishwe kurudi.

Shingo inayopeleka ganzi mkononi. Hapa uliza ganzi iko kidole gani. Dole gumba, kidole cha kati na kidole cha mwisho kila kimoja kinaonesha neva tofauti inayotoka shingoni, na kidole cha mwisho kinaweza pia kuwa neva iliyobanwa kiwikoni. Masaji inalegeza misuli ya jirani na wengi wanapata ahueni, lakini haiondoi kinachobana neva. Mi nachua mara moja kwa upole, nyuma tu, sigusi mbele ya shingo ilipo mishipa mikubwa ya damu, na simpindishi mtu shingo mpaka ilie. Ganzi ikiongezeka, mkono ukianza kudondosha vitu, au miguu nayo ikiwa mizito, huyo anaenda kwa daktari siku hiyo.

Kuna watu wanaokuja na maumivu ambayo hayapaswi kuguswa kabisa na hawa nataka uwajue hata kama hutasoma kingine. Bega la kushoto au mkono wa kushoto unauma pamoja na kubanwa kifua, jasho jembamba, pumzi fupi: huo ni moyo mpaka ithibitike vinginevyo, usilale mezani kwa mtu yeyote. Mkono mzima umevimba, umekuwa mzito, rangi imegeuka kuelekea bluu, hasa kwa kijana anayenyanyua au kurusha sana: damu inaweza kuwa imeganda kwenye mshipa chini ya mtulinga, na kuchua kunaweza kuisukuma kwenda kwenye mapafu. Kiungo cha moto chekundu na homa. Maumivu ya usiku yasiyojali umelalaje huku unapungua uzito. Na kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, mwambie mchuaji kabla hajapaka mafuta, asipokuuliza mwenyewe hiyo tayari ni alama mbaya kwake.

Nikirudi kwenye kuchagua kati ya wachuaji wenyewe, maana nao hawafanani. Anayekuuliza historia, anakuomba uinue mkono kabla na baada, anabadilisha nguvu ukimwambia, huyo baki naye. Anayekuahidi kuponya kwa mara moja, au anayekataza usiende kwa fizio, ondoka. Zile mashine za kutetema za kushika mkononi ni nzuri kwa nyama ya bega, mgongo wa juu na kifua, dakika moja mbili kila sehemu, lakini hazisikii kama vidole vinavyosikia, kwa hiyo zisipite juu ya mfupa, mbele ya shingo wala kwenye jeraha jipya.

Kuhusu siku: masaji ya kina weka siku mbili au tatu kabla ya mashindano, kamwe sio jana yake, kwa sababu msuli uliokandwa sana unaamka mchovu. Siku yenyewe ni ya harakaharaka na nyepesi, dakika 10. Baada ya mechi ni kupapasa tu.

Na kama bado huna uhakika bega lako ni la masaji au la mazoezi, fanya hivi nyumbani. Simama ubavu ukiwa umeelekea ukutani, tembeza vidole vya mkono unaouma juu ya ukuta mpaka pale maumivu yanapoanza, weka alama ya penseli. Chuliwa. Kesho yake asubuhi rudia, na keshokutwa tena, uone alama inakaa wapi. Ikipanda na kubaki juu, endelea na mchuaji wako. Ikipanda jioni na kurudi chini kila mara, baada ya mara tatu usilipie ya nne, hizo nguvu zipeleke kwa fizio, na mwambie alama zako zilivyokuwa, atazitumia.